Singe Ndani ya Chungu cha Mama Veronika

Mama mdogo wangu Veronika hakuwa mganga. Alikuwa mjane, mkulima wa kunde hapa Bigwa, mwepesi wa kucheka. Zamani aliwafulia nguo masista wa misheni, nao wakamwonyesha jambo ambalo hakulisahau. Mvua zilipoujaza mto, alituita watoto wote wa nyumbani uani, akaegemeza ufito ndani ya chungu kipana chenye maji.

"Mnaona nini?"

"Umevunjika!" Petro, mdogo wangu, akapiga kelele.

"Utoe."

Ufito mzima! Petro akautumbukiza tena, ukavunjika tena. Tulicheka mpaka basi.

"Ufito haujapinda," mama mdogo akasema. "Kinachopinda ni mwanga, unapotoka majini kuja machoni kwenu. Ndiyo maana chini ya mto huonekana karibu. Mtu anaingia akidhani maji ya magoti, kumbe ya shingo. Pimeni kwa fimbo kwanza."

Nikauliza mwanga unapindaje na hauna mifupa.

"Wewe na maswali yako! Shule imekuharibu."

Kosa letu lilikuwa kusimulia. Mwaka ule kulikuwa na vita kusini. Watu walipewa maji ya dawa wakiamini risasi za Wajerumani hazitawadhuru, na aliyetajwa kuwa na maji hayo hapa kwetu alikamatwa. Petro alisema kisimani kwamba maji ya mama mdogo yanapinda fimbo. Wanawake wakasema yanapinda mkuki. Habari ilipomfikia akida, mtawala wetu chini ya Wajerumani, maji yetu yalikuwa yanapinda mitutu ya bunduki.

Akida Rehani akaja asubuhi na askari mmoja mrefu. Waliopelekwa boma la Wajerumani kwa habari ya maji tulisikia wamenyongwa.

"Shikamoo, bwana akida," mama mdogo alisema.

"Maji yako wapi?" akida akauliza.

"Ni ya mtoni tu, bwana."

Askari akachomoa singe, kisu cha bunduki yake, akaizamisha nusu kimshazari chunguni. Mungu wangu, ikapinda mbele ya macho yake! Akaiachia, akaruka nyuma.

"Wallahi imepinda! Chuma cha serikali!" Akamkamata mama mdogo mkono, akaanza kumburuta. Petro akalia.

"Iguse kwanza, bwana!" mama mdogo akasema. "Fumba macho uiguse. Ikiwa imepinda, nifungeni."

Askari hakuthubutu.

"Unaogopa chungu, wewe?" akida akamcheka. Kisha akakunja mkono wa kanzu, akafumba macho, midomo ikinong'ona dua, akaipapasa singe kutoka kwenye mpini mpaka ncha. Akafumbua macho, akakunja uso. Akafumba, akapapasa tena.

"Imenyooka," akasema.

Akaitoa, akaifuta kwa kanzu yake, akamrudishia askari. "Mwachie. Maji ya kudanganya macho hayazuii risasi." Akamgeukia mama mdogo. "Ila nikisikia tena habari ya chungu hiki, sitakuja na askari mmoja." Akakipiga teke, kikapasuka.

Walipoondoka, mama mdogo akakaa pale pale kwenye tope. Nilimletea kata ya maji ya kunywa. Aliitazama, akatazama njia waliyoondokea akida na askari.

"Rudisha ndani, mwanangu," akasema. "Nitakunywa huko huko."