Nilijenga Bafu Kwenye Njia ya Mama Mdogo

Kosa ni langu. Naliandika mwanzo kabisa msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine. Mimi mwenyewe nimemtafuta mwaka mzima na sikumpata. Si serikali, si uchumi, si mke wangu, ingawa yeye nilijaribu sana kumsingizia.

Mimi ni mwanamume wa Amu, miaka arubaini na nane, mtu wa nyumbani. Wanaume wenzangu hawakosekani barazani. Mimi sikosekani sebuleni. Mke wangu huwaambia watu kwamba alidhani ameolewa na mume, kumbe ameletewa kabati.

Kwa miaka ishirini nilitunza stoo ya hoteli moja kule Shela. Kila asubuhi boti, kila jioni boti, na kila nikirudi nilishukuru kama mtu aliyetoka Uchina. Hoteli ilipopata mwenyewe mpya, sisi wa zamani tukapewa mkono wa kwaheri. Nikabaki na akiba yangu, na mvi zangu, na swali: mtu wa umri huu aanze kujiajiri kwa kitu gani?

Ushauri niliopewa, weee! Mmoja aliniambia ninunue boti ya injini nivushe abiria wa ndege kule Manda. Mwingine akaniambia niende Kizingitini ninunue kambakoche kwa wavuvi, niuzie mahoteli. Biashara nzuri zote, na zote zina kasoro moja: zinataka mtu atoke nyumbani!

Mimi nilitaka biashara itakayonifuata mlangoni na kunipigia hodi.

Nikaamua kukodisha chumba cha juu kwa wageni. Nyumba yetu ni ya mawe, ya marehemu mama, na chumba kile kina upepo mwanana. Tatizo lilikuwa choo. Mgeni wa siku hizi, awe Mzungu au mtu wa bara, hataki kushuka ngazi kutafuta choo. Ataka bafu lake, palepale kitandani kama ikiwezekana. Na juu hapakuwa na nafasi ya bafu, ila mahali pamoja tu.

Kwenye wikio.

Kwa msioujua mji wetu, wikio ni chumba kinachopita juu ya njia, kikiunganisha nyumba hii na ile ya ng'ambo, ili watu wake watembeleane bila kushuka barabarani. Wikio letu liliunganisha nyumba ya mama na ya ndugu yake, mamangu mdogo. Nitamwita Bi Rukia, ingawa si jina lake.

Bi Rukia hakujaliwa kuzaa. Wanawe ni sisi. Aliniogesha, akanilisha, na kofi la kwanza maishani mwangu alinipiga yeye. Magoti yake yalimwacha zamani, na ngazi zake ni kali, hivyo miaka mingi hakukanyaga barabara. Lakini wikio ni tambarare. Kila siku baada ya chai ungesikia mkongojo, ko, ko, ko, kisha "Hodi wenyewe!" na ameshaingia. Hukaa mpaka adhuhuri akichambua mchele na majirani kwa pamoja.

Huo ndio ulikuwa ulimwengu wake wote: nyumba mbili na hatua kumi na mbili katikati. Mimi nikazitaka zile hatua kumi na mbili.

Kama ningemwomba waziwazi, nadhani angenipa. Na hilo ndilo lililonitisha! Angesema, "Twaa, mwanangu," nami ningelazimika kumtazama usoni akinipa. Nikaona heri uongo.

"Mama," nikamwambia, "fundi ametazama boriti za wikio. Zimeliwa na mchwa. Si salama kupita."

"Boriti zile? Mbona nzima?"

"Zimezeeka, Mama."

"Na mimi je?" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, fungani. Zisiye zikawaangukia wana wa watu wapitao tini. Muda gani?"

"Miezi miwili mitatu, inshallah."

Inshallah! Nilimtia Mungu ndani ya uongo wangu kama mtu anayekoleza chumvi.

Fundi alipoanza kuuziba mlango wa upande wake kwa mawe, Bi Rukia alimpelekea kahawa na mahamri. Alimlisha mtu anayemfungia dunia, akamwombea na dua ya mikono yake isichoke.

Fundi mwenyewe aliniambia ukweli. "Bwana, boriti hizi hazina kitu. Ni mikoko, zitatuzika sote. Lakini ukimwaga maji hapa kila siku, hazifiki mbali."

"Zidisha simiti," nikamjibu, kama mtu aliyesomea simiti.

Mke wangu akaniuliza, "Umemwambia Mama?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba linafungwa."

"Wewe, siku moja utanifungia na mimi, uniambie nina mchwa."

Akiba yangu yote ikaenda mle. Vigae kutoka Mombasa, tangi, mabomba, na sinki lenye umbo la kombe la baharini, ambalo hata sasa nikilikumbuka naona haya. Wageni wakaja. Nikaketi nyumbani kwangu nikilipwa kwa kuketi. Nilijiona nimewashinda werevu wote wa mji huu!

Miezi mitatu ikapita, ikawa mitano. Bi Rukia hakulalamika. Alianza kugonga ule ukuta kila asubuhi kwa mkongojo wake, ko, ko, ko, na mke wangu akimjibu kwa mwiko kutoka upande wetu. Hiyo ndiyo ikawa salamu yao.

Mgeni mmoja akalalamika kwamba kuna kelele bafuni.

Jamani, sikieni nilichofanya. Nilimtumia Bi Rukia ujumbe asigonge tena, kwamba fundi anasema mtikiso unazidi kuzidhoofisha boriti. Akaacha siku hiyohiyo.

Kisha mke wangu akashikwa na homa. Jirani mmoja wa kike akamwambia Bi Rukia. Yule bibi ambaye hata dirishani hufika kwa shida, akashuka ngazi zake kwa kukaa, daraja moja baada ya jingine, jirani mbele yake na bakuli la uji. Wakavuka njia. Nilisikia mkongojo nikiwa ndani, nikaja mbio mpaka nyuma ya mlango.

Kwenye baraza ya mlangoni alikuwa ameketi mgeni wetu, mama mmoja mwalimu kutoka bara, mchangamfu sana.

"Shikamoo, nyanya! Kuja ukae, pole na jua."

"Marahaba, mwanangu. U mgeni hapa?"

"Eeh, mimi na mzee wangu tuko juu. Ni poa sana! Na hiyo bafu, nyanya, iko juu ya barabara kabisa. Ukioga unasikia punda wakipita chini yako!"

Mkongojo wa Bi Rukia ukagota jiwe la baraza.

"Yuu ya ndia?"

"Hapo, si unaona? Hapo juu."

Nilikuwa nimeshika komeo. Hatua moja tu ilikuwa kati yangu na yeye. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, nisamehe, na mlango mmoja wa kufungua. Sikufungua! Nilisimama gizani nyuma ya mlango wangu mwenyewe kama mwizi wa kuku, nikiomba aondoke.

Nikasikia bakuli likitua barazani. "Mwambie mwenye nyumba," alisema, "uji wa mkewe huu hapa."

Mwenye nyumba! Mimi, niliyezoea kuitwa mwanangu.

Majirani wakamrudisha kwake juu ya kiti, wanne wakimbeba. Nilisikia wakihesabiana ngazi. Hata hapo sikutoka.

Mke wangu alipopata nafuu na kujua yote, hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Ulimsikia." Halafu akageukia ukutani.

Basi mvua za masika zikaja, na wageni wangu wanaopenda kuoga mara tatu kwa siku wakazidi kuoga. Maji yakaanza kudondoka njiani. Watu wanaokwenda msikitini na kanzu zao safi wakawa wakifika chini ya wikio letu wanainua vichwa na kukimbia, maana hawajui yale ni maji ya namna gani. Nililaaniwa kwa adabu na kwa wingi. Siku boriti moja ilipoalika kama mfupa unaovunjika, nikamwita fundi.

Alizichoma kwa bisibisi, ikazama kama kwenye boga. "Bwana, zimeoza. Si salama kupita."

Maneno yangu yaleyale! Nilimdanganya nayo mamangu, na sasa yakawa kweli. Bafu likabomolewa, vigae vikaenda na sinki langu likaenda. Bila bafu hakuna mgeni, na bila mgeni hakuna kipato. Boriti mpya zikanunuliwa kwa bangili za mke wangu, mali aliyokuja nayo kwangu. Alizivua yeye mwenyewe bila kuniangalia. "Hizi si zako," akasema. "Ni za Mama apate ndia yake."

Mlango ukafunguliwa. Nikapita kwenye wikio na moyo wangu mkononi, nikaita, "Hodi, Mama!"

Nikakuta mgongo wa kabati. Upande wake, mbele ya mlango, Bi Rukia alikuwa amewaambia majirani wamwekee kabati lake kubwa la nguo.

Ikabidi nishuke, nivuke njia, nipande zile ngazi. Alinipokea. Akamwamuru yule jirani wa kike anitandikie mkeka mpya. Mwenyewe akanimiminia kahawa kwenye vikombe vya mdomo wa dhahabu, vile vya wageni, ambavyo tangu utotoni nilikatazwa hata kuvigusa.

"Karibu," alisema. "Safari njema?"

Nililia, wallahi. Mtu mzima na ndevu zangu. "Mama, nisamehe."

"Nalikusamehe siku ile ile. Sina neno nawe."

"Basi nikuondolee kabati, upite. Boriti ni mpya."

"Liwate papo hapo."

"Mama, ni zito tu, mimi nitalisogeza..."

"Liwate, nakwambia." Akanitazama kwa yale mato yake yaliyofifia. "Ungenambia wataka mahali pangu, ningekupa. Ukanambia pameoza. Sasa kila nikanyagapo, nitauliza ni boriti au ni wewe. Sitaki kutembea hivyo, mwanangu. Nimezeeka."

Aliniita mwanangu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Siku hizi mke wangu anauza viazi karai mlangoni, na mimi namenya viazi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kujiajiri. Tajiri wangu ni mkali na hanipi likizo. Kila asubuhi nampelekea Bi Rukia chai kwa kupitia barabarani. Napiga hodi. Ananiweka mlangoni kidogo kabla ya kuitikia. Najua hachelewi kwa sababu ya magoti.

Wewe uliyefika umri wangu, una akiba yako mkononi na wataka kuanza jambo lako: anza, si dhambi. Lakini pale unapotaka kujenga, tazama kwanza ni nani anayepapita. Muulize kwa kinywa chako, na ujibiwe ukimtazama machoni. Kama jibu utaliogopa, basi umeshajua unachotaka kufanya ni nini.

Na ukishindwa kabisa kujizuia, kamdanganye mjanja. Mjanja atakushuku, atakuuliza, atakwenda kuangalia, na pengine maswali yake yakuokoe. Anayekupenda haulizi. Atakuamini tu, na hakuna atakayekusimamisha.