Pumzi ya Rosalie

Rosalie wa mtaa wa Nyalukemba ni mwoga, na mwenyewe hakatai. Anaogopa radi, anaogopa mbwa wa jirani, anaogopa kupanda moto, zile pikipiki za abiria, kwenye mteremko. Lakini hofu iliyomwendesha maisha yake yote ni ya kutazamwa na watu. Ndiyo maana, alipokuwa msichana, wenzake wakigombania violini ya kwanza, yeye aliomba ya pili.

Katika kundi la ala za nyuzi la watu wanne, anayeonekana ni violini ya kwanza. Kwa miaka kumi na saba Papa Philémon alikaa mbele. Rosalie alikuwa ubavuni mwake, kisha Anaclet na alto yake, violini nene kidogo, kisha Marcellin na selo yake kubwa kama mtu mzima. Walipiga kwenye harusi, kwenye maziko, hata kwenye ufunguzi wa duka la vitenge. Wageni walikuwa wakimshika Philémon mkono, halafu wanamuuliza, "Na huyu maman, ni muke wako?" Rosalie alikuwa akicheka tu. Loo, raha iliyoje kutojulikana!

Na hawakuwa na mtu wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Philémon alikuwa akivuta pumzi kwa pua, wote waisikie, ndipo wanaanza pamoja. Pumzi ndefu ni wimbo wa maziko, pumzi fupi ni wa harusi. Bila pumzi hakuna anayegusa uzi, hata kanisa lianguke.

Kisha mji ukaingia mikononi mwa watu wengine wenye bunduki. Asubuhi moja Philémon akavuka mpaka, hakuaga mtu. Wakabaki watatu, na kiti cha mbele, Mungu wangu, kikamwangukia Rosalie.

Alhamisi moja mchana walikuwa wakienda kwenye maziko ya Maman Adélaïde, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Walipofika karibu na soko la Nyawera wakakuta kizuizi cha wale wenye bunduki. Askari mmoja akalipiga teke sanduku la selo.

"Humu ndani muko nini?"

"Ni chombo cha muziki, mukubwa," Marcellin akajibu.

"Muziki? Basi mupige, tusikie. Kama munanidanganya, mutaniona leo."

Muuza nyanya mmoja akawasogezea vigoda vyake vitatu bila kuwatazama usoni. Wakakaa. Wakaweka pinde juu ya nyuzi, tayari kwa ule wimbo wa maziko waliokuwa wameuandaa. Wakangoja.

Kijasho kilimtiririka Rosalie mgongoni. Mbona hawa wanaume hawapigi? Wanataka tuuawe hapa kwenye nyanya za watu? Aliwakasirikia kwelikweli. Anaclet alikuwa amemkodolea macho, Marcellin naye vilevile, na yeye ameinamisha kichwa upande wa kulia, anasikiliza pumzi ya Philémon. Philémon, ambaye muda huo alikuwa nchi nyingine, pengine anakunywa chai.

Askari akakoki bunduki. "Munanichezea, ee?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Ni yeye! Wanamngoja yeye! Akajaribu kuvuta pumzi ndefu, kifua kikakataa. Akajaribu tena, na kilichotoka kilikuwa kwikwi ya kilio, fupi, kali.

Wenzake, watu wenye nidhamu yao, waliisikia pumzi fupi. Papo hapo wakaangusha wimbo wa harusi kwa nguvu zao zote. Rosalie akawafuata mbio kwa upinde, machozi yanamtoka, vidole vinamtetemeka mpaka kila noti ikasikika kama ametia madoido. Muuza nyanya akapiga kigelegele. Mchukuzi mmoja akakatika kiuno na gunia lake kichwani. Askari wakacheka, na yule wa kwanza akashusha bunduki.

"Félicitations, mumepiga muzuri! Mukubwa wenu ni nani?"

Anaclet akamtazama Marcellin. Marcellin akatazama viatu vyake. Soko zima likamgeukia Rosalie.

"Ni mimi," akasema.

"Jina?"

"Rosalie Nabintu M'Mushagalusa. Nakaa Nyalukemba, nyumba ya mwisho kabla ya kisima, mulango wa bleu."

Askari akaandika yote polepole kwenye kadaftari, akamwomba arudie rangi ya mlango. "Bon. Jumamosi tuko na fête, karamu ya wakubwa, na mutatupigia. Tutakuja kukubeba kwako. Pita."

Walitembea kuelekea mazikoni mpaka kizuizi kikapotea nyuma yao. Anaclet ndiye aliyelipuka kwanza.

"Maman Rosalie! Si ungemupa jina la uongo? Mpaka mulango, kweli?"

"Niliogopa, Anaclet. Niliogopa mpaka nikasahau kudanganya."

Marcellin aliikaza vizuri mikanda ya selo mgongoni.

"Jumamosi ni kesho kutwa," akasema.