Nilinyimwa Mke kwa Sababu ya Rangi ya Kamera

Wakuu, msicheke. Mimi nimewahi kunyimwa mke kwa sababu ya rangi ya kamera.

Mimi ni fundi kamera. Baba wa mchumba wangu alikuwa mpiga picha enzi zake, na bado ana kamera yake nyeusi ya zamani, ile ambayo huchungulii kwenye lenzi. Ina kidirisha chake juu. Unaona picha mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka ziungane, ndipo unabonyeza.

Kidirisha kikaota ukungu, ile picha ya pili ikapotea. Mzee akanipa nikisafishe, wiki moja tu kabla ya kupeleka posa.

Nilikimaliza asubuhi moja. Ningeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini kiherehere changu hakina likizo. Niliona pembe zote zimechubuka, shaba ya manjano imetokeza. Nikasema ngoja nimfurahishe baba mkwe. Nikakwangua, nikapaka nyeusi mpya, ikawaka.

Mzee aliipokea, akazipapasa pembe. Kisha akaniambia ile shaba ilitokezwa na vidole vyake kwa miaka thelathini, harusi kwa misiba, na mimi nimemfutia yote kwa brashi.

Niliomba radhi mpaka ulimi ukakauka.

"Ichukue," akasema. "Piga nayo picha. Siku shaba ikitokeza kwa mkono wako, lete posa."

Mchumba wangu akaingilia. "Baba, hiyo si itachukua miaka?"

"Basi mtakuwa mmejuana vizuri."

Nikawa natembea nayo kila mahali. Kazini, sokoni, hata msalani, dole gumba linasugua tu. Fundi mzima namwomba Mungu kazi yangu iharibike.

Wiki ya sita rangi ikaanza kubanduka yenyewe, vipande vipande. Kumbe kwa haraka zangu niliruka rangi ya chini, ile inayoshikilia ya juu.

Nilitaka ninyamaze, nijifanye ni mkono wangu. Roho ikanisuta. Nikaenda kumwambia mzee ukweli wote, ingawa nilijua namkosa binti.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwita mkewe. "Mama, njoo uone. Binti yetu anaolewa na fundi mbovu, lakini si mwongo."

Posa ikapokelewa Jumamosi ya wiki ile ile.

Somo langu ni moja, wakuu. Ukiambiwa usafishe dirisha, usipake na ukuta rangi.