Barakoa ya Mama Mkubwa

Kusoma nyuso nilijifunza kwenye simu. Zilikuwa video za elimu ya Kichina, zimetiwa maneno ya Kiarabu: ncha ya pua ni moyo, baina ya nyusi ni ini, chini ya macho ni figo. Nikajiona tabibu. Wiki nzima nilikuwa nikifundisha hesabu Nizwa, na Alkhamisi nikiteremka Ibra kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea. Majirani zake wakija kunywa kahawa, kila mmoja alininyooshea shingo nimtazame, nami nikawapigia ramli yangu bila haya.

Siku moja mama mkubwa alikuwa anatugawia halua. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama mkubwa, huo mstari baina ya nyusi zako si mzuri. Ini lako linalalamika."

Wanawake wakaweka vikombe chini. Kwetu mtu hatangaziwi kwamba uso wake umeharibika. Hilo ni jicho baya la kumletea mtu maradhi, na jicho la mtu wa nyumbani ndilo linaloogopwa zaidi. Nilijua hayo tangu utotoni, lakini ujuzi mpya ulikuwa unaniwasha.

Yeye akaniwekea kipande cha halua. "Mimi mzima, mwanangu, alhamdulillah. Kunywa kahawa."

Wiki iliyofuata nilimkuta amevaa barakoa, kile kitambaa kigumu cha wanawake kinachoficha paji na mashavu na kuacha macho tu. Alitoka Unguja msichana akaja nchi hii ya Waarabu, na hakuwahi kuivaa, lakini bibi wengi wa huku Sharqiyah huivaa hata mbele ya wanawake wenzao, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Tulimtania kwamba amekuwa bedui, tukamwuliza ngamia wake wako wapi.

"Wako mnadani Sinaw," akasema, "wanatafutiwa mnunuzi."

Nilijua ananifichia mimi. Badala ya kumwomba radhi, nikanuna. Nikasema moyoni, atachoka, ataivua.

Hakuivua. Miezi ikapita. Niliona macho yake yamekuwa madogo, nikasema barakoa inabana. Nilisikia anahema akisema, nikasema ni joto la kitambaa. Kila kitu nilikisingizia barakoa, na barakoa niliileta mimi.

Asubuhi moja aliishiwa pumzi jikoni, akakaa chini. Nikakata kamba za barakoa kwa kisu. Uso ulikuwa umefura na kupauka, alama za kamba zimezama mashavuni. Uso ule haukuhitaji Mchina. Jirani yeyote angeliuona, angelimpeleka hospitali siku ile ile. Daktari alisema ni figo, na kwamba angeliletwa mapema kungelikuwa na la kufanya zaidi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza, na kumbe nilikuwa natafuta pa kujificha.

Sasa mama mkubwa anasafishwa damu kwa mashine hospitali, na mimi ndiye ninayekwenda kumchukua. Katika chumba kile cha wanawake hukaa uso wazi, akicheka na muuguzi na wagonjwa wenzake. Nikitokea mlangoni, mkono wake unakwenda kwenye barakoa.

"Usiudhike, mwanangu," aliniambia. "Wallahi, nishakusamehe zamani. Lakini mkono unakwenda wenyewe."

Laiti angelinigombeza. Siku hizi nikifika sipiti mbele yake. Navuta kiti nyuma ya kisogo chake, namwamkia shikamoo kutoka huko huko, ili akae uso wazi, apumue.