Jina Lililozidi Karatasi

Mutanu hakuwa mwalimu wa kukaa kitini, na hata angetaka, kiti chenyewe kilibaki mtaani Gatwekera Januari ile ya 2008, pamoja na ubao, madaftari na kila kitu cha shule yake ya chekechea. Vurugu za uchaguzi zilimtoa mbio na mkoba mmoja begani. Sasa alifundishia uwanja wa kanisa huko Gatina, Kawangware, watoto kumi na tisa waliokimbia kama yeye, bila hata kipande cha chaki. Basi akae alie? Thubutu! Aliomba majivu kwa mama wa chapati, akachora herufi chini, kubwa kubwa, na watoto wakavua viatu wakazifuata kwa kuruka, mstari kwa mstari. Kuhesabu walihesabu vifuniko vya soda, macho wamefumba, vidole vikipapasa. Kelele zao! Hata mahubiri ya Jumapili hayakuzifikia.

Ila Everlyne, mama yake Nthenya, hakuona cha kuchekesha.

"Mwalimu, mtoto wangu anarudi nyumbani miguu nyeupe na mkono mtupu," alifoka Jumatatu mbele ya watu. "Kitabu iko wapi? Tick ya kalamu nyekundu iko wapi? Ijumaa ana interview ya darasa la kwanza huko shule ya Satellite. Akianguka namtoa, na hawa wengine pia watatoa wao."

Hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Kina mama wa ploti nzima ya vyumba vya kupanga walimsikiliza Everlyne. Mutanu alitabasamu, lakini hofu ilimwingia. Wale watoto ndio walikuwa sababu yake ya kuamka asubuhi.

Ijumaa wakaenda wote watatu, mwalimu, mama na mtoto. Mwalimu mkuu, Bwana Nalianya, alimpa Nthenya karatasi na penseli. "Andika jina lako."

Nthenya akaishika penseli kama mwiko, asiandike. Everlyne akamtazama Mutanu kwa jicho la umeona sasa?

"Mwalimu," mtoto akasema, "naweza liruka kwanza?"

"Uliruke?" Nalianya akauliza.

Viatu vilikuwa vimeshatoka. Akaruka sakafuni, akapinda, akarudi, midomo ikitaja herufi moja moja. Kisha akakaa, akaandika vilevile alivyoruka. N, T, H, karatasi ikajaa. Hakusita. Akahamia mezani na E, N, Y, A.

"Woi, meza ya watu!" Everlyne akapiga kelele.

Nalianya alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, hakuna herufi hata moja iliyokosekana. Nimemchukua. Meza tutaifuta. Wewe weka jina na sahihi hapa."

Mutanu nusura aruke yeye mwenyewe. Alimgeukia Everlyne amrushie neno, maana alikuwa nalo tayari, tamu kweli, tangu Jumatatu. Everlyne alikuwa ameshika kalamu, anaitazama fomu, na mkono hauendi popote.

"Mwalimu," alinong'ona, "mimi langu sijawahi kuliandika."

Lile neno tamu Mutanu akaliacha. Aliona aibu, na alimhurumia mwanamke yule kuliko alivyowahi kumkasirikia. Akamsogelea karibu.

"Kesho njoo saa kumi na mbili asubuhi," alimwambia polepole. "Uwanja utakuwa wetu wawili."

Everlyne akafikiri kidogo.

"Na viatu nivue?"

"Uvue."