Usitupe Ganda: Fundi Aliyeirudisha Sauti ya Shangazi wa Jioni

Asubuhi na mapema, mtaa ukiwa bado unafagiliwa, mwanamke mmoja ameinama juu ya meza na kutega sikio kwenye kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Amefumba macho. Feni ameizima, redio ameizima, na mteja aliyekaa kwenye benchi amenyamazishwa kwa kidole kimoja tu. Mwandishi wa makala haya anaingia, anafungua mdomo asalimie, naye ananyamazishwa kwa kidole hichohicho.

"Inazunguka," anasema hatimaye. "Haigongi, haikwaruzi. Hii haijafa. Imezimia tu."

Hapa mtaani wanamwita Mama Zimia, na sababu ndiyo hiyo. Ni fundi wa diski za nje, vile visanduku ambavyo watu huhifadhia picha, video, kazi za ofisini na kila kitu kingine ambacho simu imekataa kukibeba. Mteja akifika mlangoni na kusema diski yake imekufa, hukatizwa hapohapo. Neno hilo dukani mwake lina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Majirani wamelifanya utani: ikifika saa ya chakula utamsikia muuza viatu wa mlango wa pili akilalamika kwa sauti kwamba naye amezimia, asaidiwe haraka.

"Wacheke tu," anasema. "Mtu akishasema imekufa, anaishika kama maiti. Anaibwaga, anaifungua na bisibisi, anaona haina cha kupoteza. Akisema imezimia, mkono wake unakuwa mpole."

Mkono wake yeye ulijifunza upole zamani. Baba yake alikuwa fundi saa, na yeye tangu akiwa mdogo alikaa pembeni akimpa vigurudumu ambavyo ukipiga chafya unavipoteza. Watu walipoacha kuvaa saa, baba akafunga duka, binti akaajiriwa kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Huko ndiko alikoanza kuwaona watu wazima wakilia mbele ya kompyuta. Alianza kwa kuwaonea huruma, akaendelea kwa udadisi, akasoma alichokipata, akabomoa diski zake mwenyewe moja baada ya nyingine.

"Hizo ndizo zilizokufa kweli," anakiri, na hapo anacheka.

Malipo yake ni rahisi kueleza: faili zisiporudi, mteja anachukua diski yake bila kulipa na wanaagana vizuri. Kuna miezi anafurahi na kuna miezi anarudi nyumbani na shukrani peke yake, na shukrani hazipikiki. Hata hivyo, hajabadilisha utaratibu.

Jambo jingine asilolibadilisha ni maganda. Ukuta mzima wa duka umejaa rafu za maganda ya diski, yaani yale makasha ya plastiki ambayo diski hukaa ndani yake, kila moja likiwa na kikadi chake kidogo cha umeme. Kwa miaka amepita kwa mafundi wenzake wa mtaa huu akiwaomba jambo moja: ukifungua diski, usitupe ganda. Walimwitikia kwa adabu, na akishageuka wanaulizana ana mbuzi wangapi wa kula maganda yote hayo.

Mwandishi naye, akiyatazama yale maganda ukutani, alitaka kuuliza hilo swali la mbuzi. Ni bahati yake kwamba hakuuliza.

Mwezi uliopita waliingia dukani watu wanne: dada wawili, mume wa yule mkubwa, na mtoto wa kike wa yule mdogo, mwenye umri wa kama miaka minne. Aliyeongea ni dada mkubwa. Mdogo alisimama kimya, diski ameikumbatia kifuani. Mama Zimia alipomuuliza shida ni nini, alifungua mdomo ikatoka pumzi tu.

Kumbe alikuwa mtu maarufu. Yeyote aliyekulia hapa mjini anamjua kwa jina la Shangazi wa Jioni, ingawa sura yake si wengi waliowahi kuiona. Kwa miaka mingi aliwasomea watoto hadithi kwenye redio ndogo ya hapa, hadithi alizozitunga mwenyewe, mpaka mama za watu wakawa wanatumia jina lake kuwaita watoto waingie ndani. Kisha akaugua koo. Upasuaji ukamwachia uhai, ukamchukulia sauti. Mtoto wake alikuwa bado ananyonya.

Redio nayo ilibadilisha kompyuta zake, na vipindi vya zamani vikaondoka na kompyuta za zamani. Vilivyobaki vilikuwa kwenye diski ile moja aliyoipakata, na diski ile haikufunguka.

"Huyu mtoto hakumbuki sauti ya mama yake hata kidogo," dada mkubwa alieleza. "Tukimwambia mama yako alikuwa anasema, tena mji mzima unamsikiliza, anatuangalia kama tunamdanganya."

Mama Zimia anasema aliposikia hivyo aliingiwa na hofu, yeye ambaye hofu za wateja ndiyo kazi yake. Kazi ya ofisini ikipotea, mtu hununa wiki nzima halafu akaifanya upya. Sauti ile isingeweza kurekodiwa tena na mtu yeyote duniani.

Aliitegea sikio diski. Ilikuwa inazunguka vizuri. Alipoiunganisha na kompyuta, kompyuta ikamwambia kwamba diski haisomeki, je, anataka kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya? Hapo ndipo watu wengi huangamia, kwa sababu swali limeulizwa kwa heshima na kitufe cha kukubali kiko karibu. Yeye alikataa. Akanakili diski yote kwenye diski nyingine, kipande kwa kipande, hata asichokielewa, maana huwa hagusi cha mteja kabla ya kuwa na nakala yake.

Ndani ya nakala hakukuta faili. Alikuta mchanganyiko wa herufi na alama usio na kichwa wala miguu. Fundi mwenye haraka angesema kimefutika kila kitu, poleni sana. Mama Zimia alikigeuza kisanduku, akakiona kinang'aa kwa upya, hakina mkwaruzo hata mmoja. Diski ya miaka mingi kwenye kasha la juzi. Akauliza swali ambalo huwa anauliza kila mara.

"Ganda lake la kwanza liko wapi?"

Dada mkubwa alimtazama mumewe. Mdogo akamtazama shemeji yake. Shemeji akatazama dari.

Shemeji ni mtu mcheshi, na nyumbani kwake kila kilichoharibika kimepita mikononi mwake, vingine kabla ya kuharibika. Alieleza kwamba tundu la waya lilikuwa limelegea, leo diski inaonekana, kesho inagoma. Kwanza aliipiga makofi mawili kwenye kiganja, kama sote tunavyoifanyia rimoti. Ilipozidi kugoma aliifungua, akaitoa diski, akainunulia kasha jipya zuri. Kuhusu la zamani alijitetea kwamba ganda ni ganda, na hajawahi kumwona mtu aliyekula ndizi akatunza maganda.

Mama Zimia hakumgombeza. Alimweleza polepole kwamba katika diski za aina ile, kile kikadi kilichomo ndani ya ganda ndicho kinachopokea kila kitu kabla hakijaandikwa, na kabla ya kukiandika hukifunga. Hakimwambii mwenye diski. Siku zote wanapokuwa pamoja mambo huenda sawa, ukiwatenganisha diski haina wa kuifungulia. Faili zote zilikuwepo, nzima kabisa. Aliyezifunga ndiye aliyekuwa ametupwa.

Shemeji alikaa chini bila kukaribishwa. Shangazi wa Jioni alimshika mwanawe begani na kufumba macho.

Ndipo dada mkubwa alipokumbuka. Ganda halikutupwa lote. Nusu yake ilikuwa bafuni, imeshika sabuni. "Si kile kisahani ulichosema umenitengenezea kwa mikono yako," alimwambia mumewe, na kwa jinsi alivyotamka "kwa mikono yako", mazungumzo ya nyumbani jioni ile hatuyahitaji hapa.

Kisahani kililetwa bado kikiteleza. Kikadi kilikuwa kimekwenda na takataka, lakini chini ya plastiki palikuwa na lebo iliyooshwa kila siku kwa sabuni na bado namba ya aina ya diski ilisomeka. Hiyo ilitosha kuleta matumaini. Mama Zimia alijua kwamba kwa aina ile ufunguo si wa kikadi kimoja tu. Pacha wake wa ukoo uleule anaweza kufungua. Alitafuta kwenye rafu zake zote. Pacha hakuwemo.

Kesho yake akaanza kupita kwa mafundi, walewale wa mbuzi wangapi. Wengi walikuwa wametupa. Alipofika kwa fundi simu wa kona ya pili, bingwa wa utani huo, alijiandaa kwa dhihaka. Badala yake jamaa aliinama, akavuta katoni kutoka chini ya meza na kuisukuma mbele yake. Ilikuwa imejaa maganda.

"Nilikuwa naweka, nikisema siku moja nitampelekea," fundi simu alimwambia mwandishi. "Halafu nikaona aibu. Baada ya maneno yote yale, ningeanzia wapi?"

Ndani ya katoni mlikuwa na pacha wawili. Wa kwanza alikuwa ameungua. Wa pili alikuwa mzima lakini tundu lake la waya limeng'oka, basi Mama Zimia akalitoa tundu la yule aliyeungua na kulilehemu kwa huyu, kwa mkono ule wa vigurudumu vya saa. Akapachika nakala ya diski. Akaunganisha waya. Kompyuta ilinyamaza, ikanyamaza tena, halafu majina ya hadithi yakaanza kujipanga kwenye kioo moja baada ya jingine mpaka yakajaza ukurasa.

Alifungua moja kuhakikisha inacheza, lakini sauti aliizima. Aliangalia tu ile mistari ya sauti ikipanda na kushuka. Alipoulizwa kwa nini, alimshangaa mwandishi. "Mimi nisikie kabla ya mtoto? Kwa haki gani?"

Familia ilipoitwa, mwandishi alikuwepo dukani kwa ajili ya diski yake mwenyewe, habari ambayo tutaiacha hapo ilipo. Duka lilijaa. Shemeji alikuja na shati la kutokea. Fundi simu alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Shangazi wa Jioni alimpakata mwanawe mbele ya spika, na Mama Zimia akabonyeza.

Ikatoka sauti nene, ya taratibu, yenye kicheko kinachotaka kutoka. "Watoto wangu, mmeketi?"

Baada ya swali palikuwa na kimya kidogo, kile alichokuwa akiwaachia watoto majumbani wajibu. Mtoto aliitazama spika.

"Tumeketi," akajibu.

"Vizuri sana," ikasema sauti. "Haya, sogeeni."

Mtoto akageuka kumtazama mama yake. Mama hadithi aliijua kwa moyo, na midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na sauti, neno kwa neno, bila kukosea. Mtoto alimwangalia mdomoni, akasikiliza, akamwangalia tena. Akaweka vidole vyake juu ya midomo ile inayocheza.

"Ni wewe," akasema.

Sasa hapo tuseme ukweli. Shemeji alilia bila kujificha. Fundi simu alisingizia vumbi. Mama Zimia aligeukia ukuta kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi, na aliyoyaandika mwandishi dakika zile mpaka leo hayasomeki.

Vipindi vyote vimerudi isipokuwa vichache sana. Nakala moja iko kwa mwenyewe, moja kwa dada mkubwa, na moja imepelekwa redioni, ambako wamekubali kuvirusha tena kila jioni. Shemeji aliomba naye apewe moja aitunze, familia ikakataa kwa kauli moja. Shangazi wa Jioni alipoulizwa anajisikiaje, alimvuta mwandishi karibu na kumnong'oneza maneno mawili kwa pumzi aliyo nayo: "Nimerudi kazini."

Mama Zimia naye ana mpango. Chumba cha jirani kiko wazi, na mwenye nyumba amekubali ukuta uvunjwe. Humo anataka kuweka mabenchi na kuwafundisha mafundi wa mtaa, hasa wasichana wa vibanda vya fotokopi, kusikiliza diski kabla ya kuifungua. Fundi simu ameahidi kupaka rangi bure. Wa kwanza kujiandikisha ni shemeji, aliyekubaliwa kwa sharti kwamba muhula wa kwanza asiguse bisibisi.

Kuhusu yule mtoto, mwandishi alitegemea Mama Zimia angesema anatamani mtoto amkumbuke kwa alichomfanyia. Alifikiri kidogo huku akifuta meza, akatikisa kichwa.

"Natamani akikua asijue kama iliwahi kupotea," alisema. "Aone ni jambo la kawaida tu, kwamba mtu akitaka kumsikia mama yake, anamsikia."