Kipimo cha Bi Mkaidi

Mwenzangu wa ofisini tulimwita Bi Mkaidi, na jina lilimkaa. Kazi yetu ni kupima picha za ubongo za watu waliojitolea kwa utafiti wa usahaulifu. Sisi wengine tunaiachia kompyuta: inauvuta kila ubongo mpaka ulingane na mmoja wa mfano, kisha inasoma vipimo. Dakika kumi, tunakwenda kunywa chai. Tulimshauri naye afanye hivyo, akatia pamba masikioni. Aliuacha kila ubongo na umbo lake, akauchorea mipaka kwa mkono, kipande baada ya kipande, siku tatu kwa mtu mmoja. Mkuu wetu alimtania kwamba kwa mwendo huo atastaafu akiwa amemaliza vichwa vitano.

Mumewe, fundi cherehani, naye alijitolea, maana alikuwa ameanza kuwapa wateja nguo za wenzao. Jibu la kompyuta likatoka: kawaida. Mimi mwenyewe nilimkumbatia Bi Mkaidi kwa furaha, na leo najionea haya.

Yeye hakuridhika. Aliifungua ile picha kama ilivyopigwa, akachora. Sehemu ya kumbukumbu, upande wa kushoto, ilikuwa imebaki nusu. Kompyuta, katika kuulazimisha ubongo ufanane na ule wa mfano, ilikuwa imeivuta ikaziba pengo. Alifuta, akachora upya. Kisha akaniomba nami nichore, bila kuniambia alichopata. Nikapata kilekile. Nilitamani niwe nimekosea.

Daktari wa utafiti, tulipompelekea michoro, hakuzungusha maneno. Dawa ya kuirudisha hakuna, na hiyo nusu iliyobaki nayo itaendelea kuisha.

"Ningekuwa mvivu kama nyinyi," Bi Mkaidi aliniambia, "leo ningelala usingizi."

Alipiga moyo konde, akaenda nyumbani kumwambia mumewe.

Kesho yake alinisimulia. Alimkuta amechangamka, kitambaa kipya cha zambarau kimemlalia magotini. Kabla hajafungua mdomo, mume akainuka na utepe wake wa kupimia.

"Simama hapo, mama watoto, nikupime."

Miaka ishirini na miwili amemshonea nguo, na hajawahi kumpima hata mara moja; vipimo vyake alikuwa navyo kichwani. Bi Mkaidi akasimama. Mumewe akapima bega, akaandika, kisha akarudi kulipima bega lilelile, na yeye akanyoosha mgongo asimsumbue.